Panerai au Fifty Fathoms: ipi ilitangulia majini?

Wapenzi wa saa wana ugomvi wao wa miaka mingi: saa ya kwanza ya wapiga mbizi wa kijeshi ni ipi? Wapo wanaoshikilia Panerai ya Italia ya miaka ya 1930. Wengine hawasikii lolote ila Fifty Fathoms ya Blancpain, kampuni ya Uswisi, ya mwaka 1953.

Tuanze na Waitalia, maana kalenda iko upande wao. Kampuni ya Panerai ya Florence ilikuwa tayari inaliuzia jeshi la majini la Italia vifaa vya kusomeka gizani. Katikati ya miaka ya 1930 jeshi likataka saa kwa ajili ya makomando wake wa chini ya maji. Panerai hawakuwa na kiwanda cha saa, hivyo kasha na mashine vikaagizwa kwa Rolex, Uswisi. Kilichotoka huko kilikuwa mithili ya saa ya mfukoni iliyovishwa mkanda: upana milimita 47, ngozi ndefu ya kufungwa juu ya vazi la mpira. Uso wake ulikuwa wa mabamba mawili. La juu lilitobolewa tarakimu, la chini likapakwa radiamu, na mwanga ukachomoza kupitia matundu. (Mwanga huo haukuwa wa bure. Huko Marekani wasichana waliopaka radiamu kwenye nyuso za saa walikuwa wameshaugua na kufa kwa mionzi yake.)

Kikosi kilichopewa saa hizo ndicho kilichoingia bandari ya Alexandria usiku wa kuamkia 19 Desemba 1941. Watu sita, wawili wawili juu ya torpedo (vyombo vya kilipuzi viendavyo chini ya maji) walizozibandika jina la “nguruwe”, wakazilemaza manowari mbili za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Luigi Durand de la Penne alikamatwa, akafungiwa ndani ya Valiant, juu ya baruti aliyoitega mwenyewe. Akanyamaza hadi zilipobaki kama dakika kumi, ndipo akamwambia nahodha awaokoe watu wake. Kwa kazi ya namna hiyo, kujua saa ni sehemu ya silaha.

Lakini itazame saa yenyewe. Haina mshale wa sekunde, kwa hiyo ikisimama ghafla gizani hutajua upesi. Haina pete ya kuzungusha ili kupima muda uliokaa chini. Kwa mpiga mbizi wa leo huo ni upungufu mkubwa, na hapo ndipo watu wa Blancpain hujenga kesi yao.

Mimi naona jibu limo kwenye pumzi. Waitalia wale walivuta oksijeni tupu katika kifaa kisichotoa mapovu, ili mlinzi juu ya meli asione kitu. Oksijeni tupu ikishuka kina hugeuka sumu, kwa hiyo walibaki mita chache tu chini ya uso wa maji. Shida yao ilikuwa giza.

Mwaka 1943 Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan wakaja na kifaa cha kupumua hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi. Mtu sasa aliweza kushuka sana, ila hewa ilikuwa na mwisho, na naitrojeni ilimwingia mwilini kadiri alivyokawia. Dakika zikawa uhai. Robert Maloubier na Claude Riffaud, waliokuwa wakiunda kikosi cha wapiga mbizi wa kivita wa Ufaransa mwaka 1952, wakatafuta saa yenye uso mweusi, alama kubwa zing'aazo na pete ya kuzunguka. Blancpain wakawapa Fifty Fathoms. Jina lake kwa lugha yetu ni pima hamsini, zile pima za mabaharia wa pwani, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Karibu mita 91.

Upande wa Panerai hujibu kwamba huko ni kumpima aliyetangulia kwa kanuni za aliyefuata. Wana haki, tena wana nyongeza: Fifty Fathoms haikuzaliwa kambini peke yake. Jean-Jacques Fiechter, mkuu wa Blancpain, alikuwa mpiga mbizi, na aliwahi kukaribia kuishiwa hewa kusini mwa Ufaransa. Rolex nao walionyesha Submariner yao huko Basel mwaka 1954, yenye pete vilevile, kwa mnunuzi yeyote mwenye fedha. Basi pete ililetwa na mtungi wa hewa kuliko ilivyoletwa na jeshi.

Kwa hiyo utangulizi nawapa Waitalia bila kusita. Umbo la saa ya kupigia mbizi tunaloliona leo nawapa Wafaransa na Waswisi wao. Panerai wenyewe, mwaka 1956, walitengeneza saa kubwa ya milimita 60 kwa ajili ya jeshi la majini la Misri, wenyeji wa bandari ileile ya Alexandria, na safari hii wakaiwekea pete ya kuzunguka.