Kilichoungua Kasubi

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya nyasi yenye makaburi ya makabaka (wafalme) wanne wa Buganda huko Kasubi, Kampala. Ilijengwa 1882 ikiwa kasri ya Muteesa wa Kwanza, na baada ya kifo chake mwaka 1884 ikawa kaburi lake. Lakini nyasi zilizoungua usiku ule hazikuwa za 1882. Paa lilikwisha kuezekwa upya mara nyingi, na ukarabati wa 1938 uliingiza nguzo za zege na chuma. Sasa ni nini hasa kilichoteketea?

Wanaotetea kitu cha asili wana hoja nzito. Hati ya Venice ya 1964, ambayo wahifadhi wameifuata kwa miongo mingi, inataka ukarabati ukome pale makisio yanapoanza. Ilikuwa na sababu: Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na wasanifu waliong'oa sehemu za makanisa ya kale na kuweka walichodhani kinafaa zaidi. Jiwe la zamani lina alama za patasi, na ubao una pete zinazoweza kutaja mwaka mti ulipokatwa. Ukishavitupa, huna wa kumuuliza tena. Kwa magofu ya Kilwa Kisiwani ningeishika hati hiyo neno kwa neno.

Nyumba inayoezekwa si gofu. Huko Ise, Japani, hekalu kuu la Washinto hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya za mti wa hinoki, kwenye kiwanja kilicho ubavuni mwa lile linaloondoka. Desturi hiyo ilianza mwaka 690. Zamu ya mwisho ya kujenga, mwaka 2013, ilikuwa ya 62. Kwa kipimo cha ubao, hekalu hilo halijafikisha hata miaka 20.

Hiyo miaka 20 ndiyo inayonishughulisha. Kijana akianza kazi na miaka 20 atabeba mbao na kunoa patasi za wakubwa. Zamu ijayo ana miaka 40, anachonga viungo yeye mwenyewe. Ya tatu inamkuta na 60, anasimama pembeni akitazama mikono ya wengine na kusema hapana, rudia. Fanya iwe miaka 60 badala ya 20, na aliyeanza akiwa kijana wa miaka 20 atakuwa na 80 zamu ijayo ikifika. Vipimo unaweza kuviandika kitabuni, lakini ile "hapana, rudia" huwezi. Wakosoaji wanakumbusha kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwahi kuikatiza kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 120, kwa hiyo kilichorudi hakiwezi kuwa kilekile. Nakubali. Kinachonigusa ni kwamba waliporudi, walirudi kujenga.

Nyumba ya Kasubi ilijengwa upya, na mwaka 2023, miaka 13 baada ya moto, Kasubi ilitolewa kwenye Orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini. Pesa, taratibu na mivutano vilikuwa na sehemu yake, lakini kulikuwa pia na suala la mikono. Kuezeka nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na zile pete 52 za ndani ya paa ni koo 52 za Buganda. Si kazi ya kumpa mkandarasi yeyote aliyeshinda zabuni. Sasa kuna na vifaa vya kuzimia moto ambavyo Muteesa hakuvijua. Sioni kama vimepunguza heshima ya makabaka.

Hati ya Nara ya 1994, nyingine ya wahifadhi, ililitambua hili: uhalisi hauwezi kupimwa kwa kigezo kimoja kwa tamaduni zote. Hatari yake naijua. "Utamaduni hubadilika" ni maneno matamu mdomoni mwa anayetaka kubomoa mtaa wa kale ajenge hoteli. Tofauti naiona kwa anayeshika kazi: je, ni walewale wanaosali, wanaozika na wanaoishi humo?

Hapo ndipo Djenné, Mali, panaponipa shida. Msikiti wake wa udongo, uliojengwa 1907, hupakwa upya na wenyeji wenyewe: watoto wanakanyaga tope, vijana wanapanda kwa miti iliyochomoza ukutani, iliyowekwa makusudi iwe ngazi. Hakuna anayewalazimisha. Lakini mji mzima umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1988, na baadhi ya wenye nyumba wakitaka kuweka vigae sakafuni huambiwa nyumba ibaki ya udongo. Watu walewale wanaoupaka msikiti kwa mikono yao hawaaminiwi na sakafu za vyumba vyao wenyewe.