Simu nayo ipewe mahali pake

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kusuasua au zikaukosa kabisa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, kiasi kwamba Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango yake kwa umma kwa siku mbili. Shughuli nyingi zilikwama na hasara ilikuwa ya kweli. Lakini kwenye daladala niliona jambo jingine ambalo halijanitoka akilini mpaka leo: abiria aliyekuwa akijua fika kwamba hakuna mtandao alitoa simu mfukoni, akatelezesha kidole juu ya kioo kisicho na jipya lolote, akairudisha mfukoni, na kabla ya kituo kinachofuata akaitoa tena. Hakuwa peke yake. Karibu basi zima lilikuwa likifanya hivyo hivyo.

Siku zile zilitutenganishia mambo mawili ambayo kwa kawaida huenda pamoja, yaani haja na mazoea. Haja naiheshimu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pochi ya mama anayeuza vitumbua, daftari la mwenye duka na njia ya kijana wa mjini kumtumia bibi yake kijijini pesa ya dawa bila kumsubiri kondakta mwaminifu. Familia iliyogawanyika kati ya Pemba na Muscat, ambayo zamani iliishi kwa barua na salamu za wasafiri, leo inaonana uso kwa uso jioni yoyote inayotaka. Anayewaambia watu hawa waitupe simu hajui wanaishije. Ninachokilalamikia ni yale mazoea ya mkono kwenda mfukoni bila kutumwa na akili, na ninakataa kabisa hoja inayosikika kila siku kwamba tatizo hilo ni udhaifu wa mtu binafsi, hasa kijana, ambaye akikazana kidogo tu ataacha.

Mazoea hayo yalitengenezwa, na kwa ustadi mkubwa. Mwaka 2006 mbunifu Mmarekani aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usiokuwa na mwisho, ule ambao ukiteremka chini unajiongeza wenyewe, na baadaye akajitokeza hadharani kueleza majuto yake kwa kile ulichozaa. Kabla ya hapo kurasa zilikuwa na mwisho, na kule kufika mwisho kulimpa msomaji nafasi ndogo ya kujiuliza kama anataka kuendelea. Nafasi hiyo ndiyo iliyoondolewa. Mnamo Novemba 2014 WhatsApp ikaleta tiki za bluu, na tangu hapo kuusoma ujumbe kukawa deni la kuujibu. Juu ya yote kuna jambo ambalo mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha kwa njiwa miaka mingi kabla ya simu hizi: ndege anayepata punje kwa bahati, bila kujua itatoka lini, hudonoa kwa ung'ang'anizi kuliko yule anayejua kwamba kila akidonoa atapata. Tunapofungua simu hatujui kama tutakuta habari njema, picha ya ndugu au patupu, na kutojua huko ndiko kunakoturudisha. Kumwambia mtu mmoja ashindane na mashine ya namna hiyo kwa nia njema peke yake ni kumwonea.

Kinacholiwa na mazoea haya ni zile nafasi tupu za siku ambamo mambo madogo ya maisha yalikuwa yakiishi. Chukua bao la kiswahili, ambalo bado linachezwa vibarazani Unguja na katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Ubao una mashimo 32 na kete ni 64. Katika namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akiziingiza moja moja, na kila inayoingia inabadili hesabu ya ubao mzima. Mchezaji mzuri anapoinua kete za shimo moja amekwishaona zitakakofikia, zitakachokula, zitazunguka mara ngapi na zitalala wapi, na huyaona hayo yote kwa macho tu, bila kugusa. Anajua kama nyumba yake, lile shimo kuu linalotunza kete nyingi, itasalimika au itabidi aivunje. Pembeni wapo watazamaji ambao hawachezi lakini nao wanahesabu, na mmoja akiguna, ubao mzima unaelewa kwamba kuna mtaji, yaani nafasi ya kula, umepitwa. Kahawa chungu inapita, kashata inavunjwa, anayepita njiani anasalimu na kuulizwa hali ya mgonjwa wake. Mchezo huu haugharimu bando wala umeme, na hautaki chochote isipokuwa akili yako nzima. Mchezaji akitazama ujumbe katikati ya zamu, hesabu yote imekwenda. Akirudi ubaoni anacheza kwa kubahatisha, mwenzake anachoka, na watazamaji, kwa kuwa hakuna tena cha kutazama, nao wanatoa simu zao. Nimeona baraza likifa hivyo jioni moja, bila ugomvi wala tangazo, watu wote wakiwa bado wamekaa.

Chakula cha sinia kilikuwa na kinga yake chenyewe, kwa sababu mkono wenye mchuzi haushiki simu. Siku hizi wa kushoto ndio unaoperuzi.

Wapo watakaonikumbusha kwamba redio nayo ililaumiwa, na televisheni baada yake. Ni kweli, ila redio ya mtaa ilisikilizwa na watu wengi kwa pamoja. Taarifa ya habari ikiisha, mabishano yalianza, na mtoto aliyekaa pembeni alijifunza humo namna ya kubishana bila kuvunja heshima. Kioo cha simu kimetengenezwa kwa macho ya mtu mmoja. Watano wanaweza kukaa kwenye benchi moja kila mmoja akicheka kichekesho chake, na mtoto aliye miguuni mwao asijifunze chochote isipokuwa kuinama.

Kwa hiyo silioni suluhisho katika programu za kuhesabu dakika, ambazo Apple na Google walizitoa mwaka 2018, kwa sababu zinamwachia mtu mzigo uleule peke yake. Naliona katika desturi ya mahali. Msikitini na kanisani tumekwishakubaliana: tangazo la kuzima simu limebandikwa mlangoni, simu ikilia mwenyewe anaona haya, na hakuna anayedai kwamba ameonewa. Tuliweza huko kwa sababu sharti ni la mahali na linamhusu kila anayeingia, tajiri na maskini, mzee na kijana. Ningependa kuona sharti la namna hiyo kwenye sinia, kitandani kwa mgonjwa tunapokwenda kumjulia hali, msibani na barazani, nalo litamkwe na wakubwa ambao wenyewe watakuwa wa kwanza kulifuata, maana baba anayemkemea mwanawe huku akijibu ujumbe wa kikundi cha harusi hana anachofundisha.

Kwenye bao letu hapa mtaani mwenye ubao ameanza. Simu ikitoka mfukoni katikati ya zamu, zamu imelala na mwenzako anacheza. Mwenye mgonjwa hospitali au anayesubiri mzigo bandarini anasema kabla kete hazijapangwa, na simu yake inawekwa juu ya benchi mbele ya wote, ikilia anapokea na mchezo unamsubiri. Vijana wawili walilalamika mwanzoni. Mmoja wao sasa ndiye anayewakumbusha wageni.