Detroit na Hundi ya Kumi na Tatu

Mwaka una miezi kumi na miwili, lakini kwa zaidi ya miongo miwili wastaafu wengi wa serikali ya jiji la Detroit, Marekani, walizoea kusubiri hundi ya kumi na tatu. Hundi hiyo haikuwa sehemu ya pensheni waliyoahidiwa. Ilitolewa pale uwekezaji wa mfuko ulipoleta faida kubwa kuliko iliyotarajiwa, na bodi ya wadhamini ikaamua kwamba ziada hiyo igawanywe badala ya kuachwa mfukoni. Kati ya mwaka 1985 na 2008 ziada iliyogawanywa hivyo katika Mfuko Mkuu wa Wastaafu, ambao ulihudumia watumishi wa kawaida wa jiji, ilikaribia dola bilioni 1. Tarehe 18 Julai 2013 jiji hilo likaenda mahakamani kuomba ulinzi wa sheria ya ufilisi, likiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18, na wastaafu wale wale wakaambiwa kwamba pensheni zao nazo zimo kwenye orodha ya madeni ya kupunguzwa.

Tangu hapo kumekuwa na simulizi mbili kuhusu nani alaumiwe, na kila moja ina ukweli wa kutosha kumridhisha aliyekwisha kuchagua upande. Ya kwanza inasema bodi zilizoendesha mifuko miwili ya jiji, huo Mfuko Mkuu na ule wa polisi na zimamoto, zilikuwa na wajumbe wengi waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, hivyo zikawa karimu kwa fedha ambazo hatimaye mlipakodi ndiye angetakiwa kuzirudisha. Ya pili inasema mfanyakazi alitumikia miaka yake yote na kukatwa alichokatwa, na kwamba kilichoangusha pensheni ni jiji lenyewe, lililopoteza watu, viwanda na kodi, kisha likakopa bila busara ili kuficha pengo kati ya fedha zilizopo na pensheni zilizoahidiwa.

Tuianze hiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyopewa uzito mkubwa na meneja wa dharura, Kevyn Orr, aliyewekwa na serikali ya jimbo la Michigan mwezi Machi 2013 kuzisimamia fedha za jiji. Hesabu ya mfuko wa pensheni wenye mafao yaliyopangwa, yaani ambao kiasi cha pensheni kimeahidiwa mapema, haisimami juu ya fedha zilizopo peke yake. Inasimama juu ya dhana, na kubwa kati ya dhana hizo ni kiwango cha faida ambacho mfuko unatarajia kupata kwa wastani kila mwaka. Mifuko ya Detroit ilidhani ingepata takriban asilimia 8. Neno "wastani" ndilo lenye mtego. Ili mfuko upate wastani wa asilimia 8 kwa miaka thelathini, miaka ya asilimia 15 haina budi kubaki mfukoni ili ifidie miaka ya hasara. Ukigawa ya juu na kuvumilia ya chini, wastani hauwezi kufika ulipodhaniwa, hata kama wawekezaji wako ni hodari kupita wote wa Wall Street. Akiba haiozi, ndivyo tulivyofundishwa, lakini bodi iliitazama ziada ya mwaka mzuri kama chakula kilichobaki baada ya karamu.

Lililo zito zaidi ni suala la akaunti za akiba. Watumishi wa kawaida waliruhusiwa kuweka sehemu ya mishahara yao katika akaunti ya hiari ndani ya mfuko, na bodi ikawa inaziwekea akaunti hizo riba isiyofuata mwendo wa soko. Hata katika mwaka ambao mfuko mzima ulipata hasara, mwenye akaunti aliandikiwa riba ya zaidi ya asilimia 7. Riba hiyo lazima itoke mahali, na ilitoka katika fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya pensheni za watu wote. Hapa nakubaliana na wakosoaji bila kusita. Mdhamini anayemhakikishia mwanachama mmoja faida kwa hasara ya mwingine ameacha kazi ya udhamini na kuanza kugawa upendeleo, hata kama hakutia senti mfukoni mwake. (Wapo waliotia pia: aliyekuwa mweka hazina wa jiji, Jeffrey Beasley, ambaye kwa cheo chake alikuwa mjumbe wa bodi, alitiwa hatiani mwaka 2014 kwa kupokea rushwa kutoka kwa watu waliotaka mifuko iwekeze katika biashara zao. Hata hivyo rushwa hiyo, kwa ubaya wake wote, haielezi pengo la mabilioni.)

Simulizi hii ina kasoro moja ambayo wanaoipenda hawaitaji. Ile ziada ya karibu dola bilioni 1 haikwenda kwa wastaafu na wenye akaunti za akiba peke yao. Sehemu yake ilihesabiwa kwa faida ya jiji, kama punguzo la mchango ambao jiji lilitakiwa kuutoa. Kwa maneno mengine, mwajiri aliyekuja baadaye kulalamika kwamba bodi ilikula mbegu alikuwa ameketi kwenye sinia hilo hilo. Tena, vyama vya wafanyakazi viliizoea hundi hiyo, na mara kadhaa zawadi ya namna hiyo huwa ndiyo bei ya amani wakati mishahara haipandi. Mwanasiasa anapoahidi fedha zitakazotoka kwenye mfuko baada ya yeye kuondoka madarakani, hatozi kodi leo na hagombani na mtu. Ubaya wa utaratibu huo unawagusa wote waliokuwa mezani.

Upande wa pili unaanza na takwimu ambazo hakuna bodi ingeweza kuzibadilisha. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na wakazi wapatao milioni 1.85, sensa ya 2010 iliwakuta wasiofika 715,000. Jiji hupunguza wafanyakazi kadiri linavyosinyaa, lakini haliwezi kuwapunguza wastaafu wake, kwa hiyo lilipofilisika lilikuwa na wastaafu zaidi ya 20,000 na wafanyakazi wasiofika 10,000. Mfuko ulio na hazina ya kutosha haupaswi kutegemea uwiano huo, maana kila kizazi kinatakiwa kiwe kimejilipia. Lakini mfuko wenye pengo hutegemea mchango wa mwajiri ili kuliziba, na mwajiri wa Detroit alikuwa akiishi kwa kodi inayopungua kila mwaka.

Mwaka 2005 jiji lilijaribu kuliziba pengo hilo kwa mkupuo mmoja. Chini ya meya Kwame Kilpatrick lilikopa takriban dola bilioni 1.4 na kuziingiza kwenye mifuko ya pensheni. Mkopo ulipitishwa kwenye mashirika yaliyoundwa kwa kazi hiyo ili usihesabiwe ndani ya kikomo cha deni la jiji, kisha ukafungwa na mikataba ya kubadilishana riba na mabenki, ambapo jiji lililipa riba isiyobadilika na mabenki yakalipa ile inayofuata soko. Hoja ya waliobuni mpango huo ilikuwa rahisi: tukope kwa riba ya chini, mfuko uwekeze upate asilimia 8, tofauti iwe yetu. Baada ya mtikisiko wa 2008 riba zikaanguka na mikataba ile ikageuka mzigo, hisa nazo zikashuka, na jiji likalazimika kuweka rehani hata mapato yake ya kodi za kasino. Deni la pensheni, ambalo lingeweza kulipwa taratibu na kujadiliwa na wastaafu, lilikuwa limegeuzwa kuwa deni la mabenki lenye tarehe na masharti magumu. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mbaya kuliko wote katika kisa hiki, na haukutoka kwenye bodi ya pensheni.

Kisha ikaja vita ya tarakimu. Orr alikadiria kwamba mifuko miwili ilikuwa na pengo la dola bilioni 3.5. Watakwimu bima wa mifuko yenyewe, yaani wataalamu wa kukokotoa gharama za ahadi za pensheni, walikuwa wameliweka chini ya dola bilioni 1. Mtu asiyeijua kazi hii atadhani mmoja wao anadanganya, kumbe wote walihesabu wastaafu wale wale na pensheni zile zile. Chukua ahadi ya kumlipa mstaafu dola 100 baada ya miaka ishirini. Ukiamini kwamba fedha zako zitakua kwa asilimia 8 kwa mwaka, unatakiwa kuwa na dola 21 na senti kidogo leo. Ukiamini asilimia 6.75, unahitaji dola 27. Ukiamini asilimia 4, unahitaji karibu dola 46. Hakuna aliyeongezewa pensheni kati ya hesabu ya kwanza na ya mwisho. Kilichobadilika ni matumaini tu. Mifuko ilikuwa na sababu ya kutaka kiwango cha juu, maana kilionyesha afya. Meneja wa dharura naye alikuwa na sababu ya kutaka cha chini, maana pengo kubwa lilimpa hoja mbele ya hakimu. Nadhani kiwango chake kilikuwa karibu zaidi na busara, ingawa nia yake haikuwa ya kitaalamu peke yake, na wastaafu walikuwa na haki ya kukitilia shaka.

Katiba ya Michigan ya mwaka 1963 inasema kwamba mafao ya pensheni ambayo mtumishi wa umma amekwisha kuyapata ni wajibu wa kimkataba usioweza kupunguzwa. Wastaafu waliishika ibara hiyo kama ngao. Tarehe 3 Desemba 2013 hakimu Steven Rhodes aliamua kwamba mkataba ni mkataba, na kwamba sheria ya ufilisi ya shirikisho imewekwa hasa kwa ajili ya kupunguza mikataba, hivyo pensheni hazina kinga kuliko madeni mengine. Uamuzi huo unafuata mantiki ya sheria kwa umakini, lakini unamweka mnunuzi wa hatifungani, aliyetawanya fedha zake katika miji mingi na kulipwa riba kwa kubeba hatari, katika daraja moja na karani mstaafu aliyekuwa akipata wastani wa takriban dola 19,000 kwa mwaka. Askari polisi na wazimamoto wa Detroit hawakuwa hata katika mpango wa taifa wa hifadhi ya jamii. Pensheni ya jiji ndiyo iliyokuwa yote.

Kilichowaokoa ni mapatano ya dola milioni 816 yaliyoitwa "mapatano makuu": taasisi za hisani ziliahidi milioni 366, serikali ya jimbo milioni 350, na jumba la sanaa la jiji milioni 100, kwa sharti kwamba michoro na sanamu za jumba hilo zisiuzwe kulipa wadai. Wastaafu walipiga kura katikati ya 2014. Wa kawaida walikubali kwa asilimia 73, wa polisi na zimamoto kwa asilimia 82. Wa kawaida walipunguziwa asilimia 4.5 na kufutiwa nyongeza ya kila mwaka ya kufidia kupanda kwa bei. Polisi na zimamoto hawakukatwa pensheni ya msingi, ila nyongeza yao ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu. Kura ya hapana ingewaletea wa kawaida punguzo la asilimia 27, kwa hiyo sioni jinsi mtu anavyoweza kuiita ridhaa huru. Na wale wenye akaunti za akiba walidaiwa warudishe riba ya ziada waliyoandikiwa tangu mwaka 2003, wengi wakikatwa kidogo kidogo kwenye hundi ya kila mwezi, wakati hawakuwa wao walioiamua riba hiyo.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuuliza kwa nini jiji libebe peke yake mzigo wa namna hii. Watumishi wa majiji yetu waliokuwa LAPF, mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa, waliunganishwa na wengine katika PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, mwaka 2018, na hatima yao haifungwi na mapato ya halmashauri moja. Hiyo ni kinga ya kweli, na Detroit ingeihitaji sana. Lakini mjadala wa kikokotoo uliofuata, yaani wa kanuni ya kukokotoa mafao, wa mkupuo anaolipwa mtu anapostaafu kushushwa hadi asilimia 25, kurudishwa kwenye kanuni za zamani, kuwekwa 33 mwaka 2022 na kupandishwa hadi 40 kwa baadhi ya wanachama mwaka 2024, unaonyesha kwamba mfuko wa kitaifa hauondoi swali la dhana. Unalihamishia tu bungeni.

Baada ya mapatano, kiwango cha faida kinachotarajiwa kilishushwa hadi asilimia 6.75, na jiji likapewa unafuu mkubwa wa michango hadi mwaka wa fedha 2024. Unafuu huo uliisaidia Detroit kuwasha taa za barabarani na kuajiri, lakini ulikuwa ni mtindo ule ule wa kuisogeza hesabu mbele. Mwaka 2015 meya Mike Duggan alitangaza kwamba pengo litakaloanza kulipwa 2024 lilikuwa kubwa kuliko makadirio kwa takriban dola milioni 490, kwa sababu watu waliishi muda mrefu kuliko ilivyokadiriwa katika jedwali la umri lililotumika. Jiji likaanzisha mfuko maalumu wa kuwalinda wastaafu na kuanza kuweka fedha miaka kadhaa kabla ya kulazimika. Huo ulikuwa uendeshaji mzuri, na haukupigiwa ngoma na mtu.

Halafu ukazuka ugomvi mpya. Mfuko wa polisi na zimamoto ulitaka jiji lilipe pengo lililobaki kwa miaka 20. Jiji lilitaka miaka 30, likisema hivyo ndivyo mpango wa ufilisi ulivyokusudia. Mwaka 2023 mahakama ya ufilisi ililipatia jiji ushindi. Miaka 30 inapunguza mchango wa kila mwaka na kuiachia bajeti nafasi ya kupumua, na mtetezi wake atasema jiji linalobanwa hadi kukosa polisi wa kutosha halitakuwa na walipakodi wa kulipa pensheni ya mtu yeyote. Lakini inamaanisha pia kwamba sehemu ya deni la utumishi uliokamilika kabla ya 2014 itakuwa ikilipwa katika miaka ya 2050, na watu ambao mwaka jiji lilipofilisika walikuwa hawajazaliwa.