Mshambuliaji hapimwi kwa mabao ya siku moja: tujifunze kwa skauti wa hoki wa Kanada

Nyumbani Afrika Mashariki, kijana akifunga mabao mawili siku ya majaribio ya soka, tayari ni wetu. Asipogusa mpira katika dakika 15 alizopewa, anarudi kwao na hakuna atakayemuulizia. Sisi tulio huku Ontario tunaona utaratibu mwingine, na kwa hili nasema wazi kwamba wenzetu wametuzidi mbali. Mshambuliaji wa hoki ya barafu anayesubiri drafti ya NHL, yaani siku timu za ligi kuu ya Marekani na Kanada zinapochagua vijana kwa zamu, hutazamwa msimu mzima, na skauti anayejua kazi yake humwangalia zaidi wakati hana paki, kile kisahani cheusi cha mpira kinachogombewa.

Kitu cha kwanza kwenye faili ni tarehe ya kuzaliwa. Timu ni 32, raundi 7, nafasi 224, na mchezaji lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka wa drafti. Kwa drafti ya 2026, aliyezaliwa 16 Septemba 2007 na aliyezaliwa 15 Septemba 2008 wamo kundi moja, ingawa mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Umri huo, mwaka mmoja ni misuli, ni urefu, na mara nyingi ni msimu mzima wa ziada kwenye ligi ya vijana. Pointi zao zikilingana, mdogo ndiye wa kurudiwa kutazamwa.

Pointi zenyewe huchambuliwa vilevile. Bao moja linaweza kuwapa pointi watu watatu: mfungaji na watoa pasi wawili wa mwisho. Kijana mwenye pasi 40 huenda nyingi ni zile za pili, ambazo aligusa tu paki ikapita. Kisha unauliza: alizipata wakiwa watano kwa watano, au wapinzani walikuwa na mtu kwenye benchi la adhabu? Akifika NHL, dakika za kuzidi mtu hupewa nyota waliokwisha kujijenga, kwa hiyo pointi za namna hiyo zinaweza kuyeyuka. Na senta wake, yaani mshambuliaji wa kati, alikuwa nani? Winga anayelishwa na senta bora wa ligi huonekana mkubwa kuliko alivyo.

Sasa mwendo. Kaa juu, upande wa kona. Karibu na kioo utaona kasi na kugongana, lakini nafasi anazojitafutia hutaziona. Angalia hatua tatu za kwanza anapotoka kusimama. Magoti yakipinda vizuri, msukumo unatoka nyongani na mguu unarudi chini ya mwili kabla ya kusukuma tena. Anayesimama wima husukuma kifupi, kichwa kinapanda na kushuka, na nguvu yake inaishia juu badala ya kumpeleka mbele. Halafu angalia anavyogeuka. Chuma cha kiatu kina makali mawili, la ndani na la nje, na wengi huliogopa la nje. Ukiona kijana anakata kona ya kushoto bila kupunguza mwendo, lakini ya kulia anafunga breki na kuanza upya, andika. Mabeki wazuri wataligundua hilo mapema na watamlazimisha aende kulia kila mara.

Kasoro ya mwendo, hata hivyo, hutibika. Brayden Point alichukuliwa nafasi ya 79 mwaka 2014, watu wakitilia shaka umbo lake na mwendo wake. Alinolewa na mwalimu wa kuteleza Barb Underhill, akaja kuwa nguzo ya Tampa Bay Lightning iliyotwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, mwaka 2020 na 2021.

Kigumu kufundishika ni kusoma mchezo, na hapo ndipo ningetaka skauti atumie wino mwingi. Zamu moja ya mchezaji huchukua kama sekunde 45. Chagua kijana mmoja, umfuate yeye tu, uhesabu amegeuza kichwa mara ngapi kabla paki haijamfikia. Paki imetupwa konani, anaikimbilia, beki yuko mgongoni. Mzuri anatupa jicho bega la kulia, la kushoto, anaingia kwa mshazari, anadanganya kwa bega kwamba anakwenda kulia, kisha anatoka kushoto na pasi ameshaiona. Asiye mzuri anaikodolea macho paki peke yake, anaifikia ameupa uso ukuta, anabanwa, na paki imekwenda. Joe Pavelski alisubiri mpaka nafasi ya 205 mwaka 2003. Alimaliza na zaidi ya pointi 1,000 za NHL, nyingi zikitokana na kujua pa kusimama mbele ya goli.

Kwenye shuti, nguvu huwadanganya wengi. Pima muda kati ya kupokea na kuachia, na uangalie kama anaivuta paki karibu na mguu kabla ya kupiga. Mvuto huo mdogo hubadilisha pembe, na kipa aliyekwisha kujipanga anakuwa amesimama mahali pasipo pake.

Baadaye kuna wiki ya vipimo kule Buffalo: baiskeli ya sekunde 30, kuruka, kuvuta mwili juu, mahojiano na timu. Hakuna anayevaa viatu vya barafu. Ni ya kuthibitisha tu yale ya msimu.

Nyumbani tunakusanya vijana mia uwanja mmoja, hawajuani, kila mmoja anataka aonekane, hivyo hakuna anayetoa pasi. Hapo anayeng'ara ni mwenye umbo na mwenye chenga, na winga anayefungua nafasi kwa wenzake haonekani kabisa. Kocha anayekwenda kutazama UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, hahitaji kompyuta. Daftari linatosha: mtoto mmoja kwa kipindi kimoja, ametazama nyuma mara ngapi kabla ya kupokea, amefanya nini sekunde tano baada ya kupoteza mpira. Kisha amwone tena dhidi ya timu ngumu. Na umri uandikwe wa kweli. Ukiupunguza, unamlinganisha kijana aliyekwisha komaa na watoto.

Lakini kuna kitu wasichokuwa nacho huku. Barafu hukodishwa kwa saa, viatu na vifaa vya kinga hula mamia ya dola, na mtoto akikua vinabadilishwa. Mwenye kipaji asiye na mzazi wa kulipa mara nyingi hafiki mbele ya skauti yeyote. Kwetu mtoto anacheza mpaka giza bila kulipa senti, na hilo tulilinde.

Kenya imeingia Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2024, na timu yake ya Ice Lions imejifunzia kwenye uwanja wa hoteli ya Panari, Nairobi, ulio mdogo sana ukilinganisha na wa NHL wenye mita 61 kwa 26. Uwanja mdogo hunoa mikono na maamuzi ya haraka, ila haumpi mtu nafasi ya kufikia mwendo wake wa juu wala kupanua kona. Skauti akimkuta kijana wa pale, aanze na kichwa na mikono. Alama ya mwendo aiache wazi mpaka amwone kwenye barafu ya vipimo kamili.