Lyme: dozi imeisha, maumivu yamebaki

Kupe mchanga anayeeneza ugonjwa wa Lyme ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Hujibanza nyuma ya goti, hunyonya damu siku kadhaa kisha hudondoka, na wengi hawajui kama waliumwa. Ubishi wote kuhusu vipimo na tiba ya ugonjwa huu wa bakteria unaanzia hapo.

Jina limetokana na mji wa Lyme, Connecticut, Marekani, ambako mwaka 1975 kina mama walihoji mbona watoto wengi hivyo wanavimba magoti. Bakteria wake, ndugu wa wale wa homa ya papasi tunayoijua huku kwetu, alitangazwa na Willy Burgdorfer mwaka 1982.

Kwa kawaida hutokea baka jekundu linalotanuka siku hadi siku. Lakini si kwa kila mtu: mwingine hupooza uso upande mmoja, mwingine mapigo ya moyo huvurugika, mwingine goti hujaa maji miezi kadhaa baadaye. Kipimo cha damu nacho hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na maambukizi, na wiki za mwanzo mwili unakuwa bado haujazitengeneza za kutosha. Daktari anasoma "hakuna", kumbe ugonjwa upo.

Ukiwahi, antibayotiki ya doksisaiklini ya siku 10 hadi 14 huponya wengi. Mzozo ni wa wale wachache wanaomaliza dozi wakabaki na uchovu, maumivu na kusahausahau. Wao, pamoja na baadhi ya madaktari, wanaamini bakteria bado wamo, hivyo wanataka antibayotiki kwa miezi. Mwaka 2006 mwanasheria mkuu wa Connecticut, Richard Blumenthal, aliwachunguza hata waandishi wa mwongozo wa matibabu wa madaktari uliopinga tiba hiyo, akishuku mgongano wa maslahi. Jopo jipya liliupitia, na mwaka 2010 likasema mwongozo uko sawa.

Kwenye dawa, mimi niko na watafiti. Majaribio ya Marekani ya 2001 na ya Uholanzi ya 2016 yalionyesha dozi ndefu haizidi dawa bandia, yaani ile ya majaribio isiyo na dawa ndani, na mirija ya kupitishia antibayotiki kwenye mshipa imewahi kuleta maambukizi yaliyoua. Ila majaribio hayo yalipima dawa. Hayakusema mgonjwa anajisingizia. Anayeambiwa "vipimo safi, nenda nyumbani" huku hawezi kupanda ngazi, ndiye kesho utamkuta kwenye kliniki binafsi, ametundikiwa dripu ya antibayotiki kwa mwezi wa tatu mfululizo.