Shangazi Hewani

Kwenye boksi la spika wamechora kijana kajinyoosha kwenye kochi jeupe, anatabasamu, na chini maneno: fungua, unganisha, sikiliza. Huyo kijana hana kabati la vyombo. Mimi ninalo, na humo ndani, katikati ya hotpoti za harusi ya mke wangu na birika la kahawa ambalo halijawahi kuiona kahawa, ndimo inamokaa ruta ya intaneti, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiharibu sura ya sebule.

Spika zilikuwa mbili, shemeji alikuja nazo kutoka Dubai: moja ya sebuleni, nyingine ya barazani. Jumamosi wageni walikuwa wanaleta posa ya mdogo wangu wa kike, na nilishajitapa kwa ndugu kwamba safari hii taarabu itatoka kila kona bila waya hata mmoja.

Programu ya spika ikataka barua pepe. Ikataka namba ya siri. Ikataka ruhusa ya kujua nilipo, utadhani na yenyewe inaleta posa. Nikaipa vyote. Ikazungusha kiduara chake weee, mwisho ikaniambia hakuna spika karibu. Na spika nimeipakata!

Mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, akainyakua simu. "Mjomba, wewe uko kwenye gigahezi 5, spika hizi zinajua 2.4 tu." Kumbe ruta inarusha mitandao miwili yenye majina yanayofanana, na simu yangu ilijichagulia ule wenye kasi, usiopenda kuta. Tukahamia ule mwingine, spika ya sebuleni ikalia tii! Ya barazani ikagoma. Mpwa akafungua kabati, akagonga hotpoti kwa kucha. "Chuma chote hiki mbele ya ruta, mjomba? Mawimbi yatapita wapi?" Ruta ikapandishwa juu ya kabati, uchi, bila kitambaa. Mke wangu akapita, akaiona, hakusema neno. Mwenye ndoa anajua hiyo maana yake nini.

Barazani taarabu ikaanza, lakini mwimbaji akawa na kwikwi. Anakatika, anarudi, anakatika. Hapo alikuwa shangazi jikoni, anapasha sambusa kwenye maikrowevu, nayo maikrowevu hutumia masafa ya hapo hapo kwenye gigahezi 2.4. Nikaenda kumwomba kwa adabu apashe kwa mkaa. Alinijibu kwa jicho.

"Basi tutumie Bluetooth," akasema mpwa. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji, akajaribia kwa iliyokuwa karibu, ya shangazi. Ikashika papo hapo. Akaitoa, akaunganisha yangu, akaenda zake mpirani.

Wageni wakaingia, tukaamkiana, taarabu inapita kwa chini, roho yangu kwatu. Mara mgeni mmoja akapiga simu kapotea njia, nikatoka hadi barabarani kumpokea, simu sikioni. Bluetooth ya spika hizi ikishavuka ukuta na mita kama kumi inakukana. Spika ikabaki haina mtu, ikamkumbuka aliyeishika asubuhi.

Narudi, namkuta mshenga ameshika kofia yake mkononi, anasema kwa unyenyekevu, "Sisi ni watu wa hali ya chini, tumekuja na hiki kidogo tulichojaliwa..."

"Shoga!" ikadakia spika. "Hao wakwe zenu wasiwadanganye! Wana nyumba mbili za kupangisha na fremu za maduka pale sokoni! Mahari msishuke!"

Kimya. Mshenga akavaa kofia.

Jikoni, shangazi amefungua voisi ya rafiki yake na haisikii. Mtu asiposikia hufanya nini? Huongeza sauti, huirudia. "SHOGA! HAO WAKWE ZENU WASIWADANGANYE!" Glasi za juisi zikatetemeka kwenye meza. Nikachomoa waya wa umeme ukutani, spika wala haikujali, kumbe ina betri yake ndani, tena imejaa. Nikaibana kwa mto wa kochi. Sauti nyembamba ikapungua, besi ikabaki, sasa anaongea shoga wa kiume. Nikaikumbatia nikakimbia nayo uani, na njia ya uani inapita mlangoni kwa jikoni, kwa hiyo kila hatua mawimbi yanazidi kuwa safi. "FREMU ZA MADUKA! WAULIZE KODI WANAMPELEKEA NANI!"

Hatimaye kikawa kimya. Narudi sebuleni jasho linanitiririka, na nyuma yangu shangazi anaingia na sinia la sambusa, simu kaibana kwapani.

"Baba, hebu niangalizie hii simu, imekufa sauti."

Mshenga akachukua sambusa, akaipuliza. "Haijafa, mama. Endelea tu, ulikuwa umefika kwenye kodi."