Picha za kuvizia Mji Mkongwe

Kijana wa Unguja anayetaka kujifunza kupiga picha ana darasa lisilo na ada. Kutoka kampasi ya Vuga ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hadi bustani ya Forodhani ni mwendo mfupi kwa miguu, na njiani vipo vyote ambavyo kamera inavitamani: vichochoro vyenye mwanga wa kuvunjika, wazee barazani, watoto wanatoka chuoni na misahafu kifuani, muuza kahawa anagonga vikombe vyake. Picha zinazosifiwa zaidi ni za kuvizia, ambazo mwenye sura hajui hata kama amepigwa. Hizo hizo ndizo zinazoleta ugomvi.

Wanaozitetea huanza na hoja yao dhaifu kuliko zote: pale ni pahala pa umma, aliyetoka nje amekubali kuonekana. Amekubali kuonekana na waliokuwepo, basi. Kuonekana na kila mwenye simu, leo na miaka kumi ijayo, hakumo ndani ya makubaliano hayo.

Wanayo hoja nzito zaidi, ya kumbukumbu. Studio za akina A. C. Gomes zilianza kazi Zanzibar katika karne ya 19, na postikadi za zama hizo zimejaa wanawake waliosimamishwa mbele ya pazia kwa kanga na mapambo, chini pameandikwa aina ya mtu badala ya jina lake. Anayesema picha iliyopangwa ndiyo yenye heshima na ya kuvizia ndiyo ya dharau, azitazame tena postikadi hizo. Mpiga picha ndiye aliyeamua mwanamke asimame vipi na dunia imjue kwa lipi. Picha ya kuvizia, ikipigwa na mwenye jicho, humwacha mtu na shughuli zake. Tena mji wenyewe unabadilika. Forodhani ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria lililo mbele ya Forodhani, ikaporomoka. Ramani za majengo zipo, lakini namna watu walivyokuwa wakikaa, wakibishana na kupeana sahani ya urojo haimo katika ramani yoyote. Ukimwomba muuza kahawa ruhusa atakupa, ila kwanza ataweka kofia sawa na kunyoosha mgongo, na ulichokifuata kimeshaondoka.

Kofia hiyo nayo ina neno. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na tangu zamani hizo kwenda kupigwa picha mjini kulikuwa ni safari: nguo za Idi, nywele zimetiwa mafuta, mtoto amefutwa makamasi. Mzanzibari amelelewa akijua picha ni kitu cha kujiandalia. Kwa hiyo bi mkubwa anayeinua mkoba kuficha uso Darajani si lazima awe anaiogopa kamera. Huenda nyumbani kwake ana albamu nzima. Analolikataa ni kukutwa hayuko tayari, na sioni kwa nini ahesabiwe mshamba kwa hilo.

Mimi naona kosa letu kubwa ni kuazima kanuni za miji ya watu. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alizunguka Paris akipiga watu ambao wengi wao hakuna msomaji angewajua. Mmarekani Philip-Lorca diCorcia alitega taa Times Square, New York, akapiga wapita njia bila habari yao. Mzee mmoja wa Kiyahudi akamshitaki, akisema dini yake inamkataza kutengenezwa sanamu. Mwaka 2006 mahakama ikamkatalia, ikasema kazi ile ni sanaa. Canada kesi ilikwenda upande wa pili. Msichana wa miaka 17 alipigwa picha Montreal akiwa amekaa kwenye ngazi, ikatoka katika jarida bila ridhaa yake, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikampa haki yake: fidia ya dola 2,000. Majaji wamegawanyika, lakini wote walikuwa wakihukumu miji mikubwa, ambako sura ngeni hupotea ndani ya sura ngeni nyingine.

Hapa hapigwi mpita njia. Hapa anapigwa mtoto wa fulani wa Kikwajuni, na picha ikiingia WhatsApp baada ya magharibi, isha haifiki kabla ya shangazi kupiga simu. Wanafunzi wawili, mvulana na msichana, wamekaa benchi moja Forodhani wakisubiri mishikaki. Picha haina uongo hata kidogo, na bado inaweza kumvunjia binti heshima kwao. Mtu anakunywa maji mchana wa Ramadhani, huenda mgonjwa, huenda Mkristo. Nani atauliza, katika mji ambao kula hadharani mwezi huo kunaweza kukufikisha polisi? Au nenda Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, wakati wa uchaguzi. Pale domino na siasa vinachezwa meza moja, na kila mtu anajua upepo wa pale unavuma upande wa upinzani. Mfanyakazi wa serikali aliyepitia kikombe cha kahawa tu, kisha akaonekana picha nzima akicheka na wenye maskani, amepewa msimamo ambao hakuutangaza.

Ndiyo maana sikubaliani na lawama zetu zote kumwangukia mtalii. Mtalii ana adabu zake mbovu, tena nyingi, hasa kwa watoto, lakini picha yake inakwenda Milano kutazamwa na watu wasiomjua yeyote. Ya kijana wa hapa hapa, yenye ufundi zaidi na mapenzi zaidi, ndiyo inayorudi nyumbani kwa mtu. Kwa upande mwingine, kijana huyu anapatikana. Ukitaka picha ifutwe, unajua kwao. Mtalii ameshapanda ndege.

Vijana wa makachu, wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, hawaingii katika ubishi huu. Wanaruka ili watazamwe na wanaitafuta kamera yako kabla hujaitoa. Wapigeni.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda faragha ya mtu, na inalinda pia uhuru wa kutoa maoni, kwa hiyo kila upande una kifungu cha kukisomea. Sitarajii sheria imalize jambo hili barazani. Kwangu kupiga si tatizo kubwa. Tatizo ni kutuma. Piga, kisha mwonyeshe mwenyewe pale pale, na akisema futa, ufute akiona. Ukishindwa kumwonyesha, basi iweke ikae. Miaka ishirini haitaidhuru, na huenda ikaipa thamani. Mwanamke anayetambulika, mtoto, na watu wawili ambao uhusiano wao huujui, hao wasitoke bila kauli yao. Najua sharti hili litaua picha nzuri nyingi. Mpiga picha mzuri anajua kugeukia mgongo, kivuli, mkono uliobeba kikapu. Mji Mkongwe haujawahi kuwa na upungufu wa vivuli.

Msimamo wangu huo unakazika zaidi pesa zikiingia. Picha ya mzee wa barazani ikishatiwa fremu na kutundikwa dukani mtaa wa Gizenga kwa bei ya dola, hoja ya kumbukumbu haitoshi tena. Mpiga picha aliyesema hakuweza kuomba ruhusa kwa sababu ingeharibu picha, hana tena udhuru huo. Picha imeshapatikana, mzee yupo pale pale barazani, na duka liko hatua chache kutoka kwake. Aende akamwambie, na aende na fungu lake.